Nimekwenda kuulizia barua ya usaili, kumbe nimeshafaulu

Jamani, leo nimeambiwa nimefaulu usaili ambao sikuitwa!

Niliomba mafunzo ya udresa, ile kazi ya kufunga vidonda hospitalini, tangu kahawa inatoa maua. Wenzangu wakapata barua, mimi kimya. Leo asubuhi nikachukua baiskeli, nikaenda hospitali kuuliza.

Karani akafungua daftari lake.

"Yohana Haonga? Mbona ulishahojiwa Jumatatu? Umepita. Uko darasani."

"Mimi?"

Akanipeleka kwenye dirisha la darasa. Mstari wa mbele kakaa mzee wa miaka kama sabini hivi, kavaa aproni nyeupe, anasikiliza kweli kweli.

Kumbe ni wajina wangu wa kijiji cha Isansa! Barua yangu ilifika kwake, naye akadhani ameitwa kutibiwa goti.

Siku ya usaili daktari alimuuliza kwa nini ameamua kuja hospitali. Babu akajibu, "Maumivu nayajua, bwana." Wakamsifu, wakampokea!

Basi nami nikahojiwa palepale, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikaeleza weee, habari za kusaidia watu. Daktari akatikisa kichwa.

"Jibu la mzee lilikuwa zuri zaidi."

Lakini nafasi akanipa.

Sasa babu, alipoambiwa anipishe, akagoma kuvua aproni mpaka goti lake litibiwe. Semeni ninyi, mngefanyaje? Mimi nilichuchumaa mbele yake, nikaanza kumfunga bendeji.

Akaushika mkono wangu.

"Polepole, mjukuu wangu. Jana hatukufundishwa hivyo."