Ukurasa wa Baba Loveness

Wivu aliokuwa nao Eliaichi kwa Asifiwe ulikuwa wa kumnyima usingizi, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyemfundisha binti huyo kushika mausi ya kompyuta. Hapo hapo kwenye fremu yake ya duka, Buguruni, pembeni ya mashine ya fotokopi, Asifiwe alijifunza kutengeneza kurasa za tovuti. Sasa alikuwa amepanga fremu yake mtaa wa pili. Watu walisimama mlangoni kwa Eliaichi kumuulizia yule dada, naye akawaelekeza njia ndefu.

Tovuti ya shule ya Bi Bilkis, kule Chanika, ilikuwa kazi ya Eliaichi tangu mwanzo, na ndiyo iliyofanya wazazi wenzake wamwite Mwalimu. Aliijenga ukurasa mmoja mmoja, kwa mkono. Matokeo ya mitihani yakitoka, aliyaandika yote mahali pamoja, kila mzazi akaona mtoto wa jirani kapata ngapi, na maneno hayakuisha. Bi Bilkis akataka kila mzazi aone ya mwanawe tu. Eliaichi akamwambia haiwezekani. Akaombwa Asifiwe, naye akaliweza. Basi Bi Bilkis akatangaza kwamba siku ya kikao cha wazazi ataamua tovuti ibaki mikononi mwa nani.

Eliaichi, ambaye bintiye Loveness anasoma hapo, akaifungua kazi ya Asifiwe kama mzazi. Akaingiza namba yake ya simu na neno la siri. Ukurasa ukamjibu: "Shikamoo, Baba Loveness." Chini yake yakaja matokeo ya Loveness. Ile shikamoo ilimkera hasa, maana yeye hakuwahi kufikiria kwamba ukurasa unaweza kuwa na adabu. Akabofya ili aone msimbo wake, yale maandishi yanayoujenga ukurasa, akakuta vitu anavyovijua vyote.

"Ndo hiki tu?" akacheka peke yake. "Na mtaa mzima unamwimba."

Jina la Loveness lilikuwemo humo, peupe kabisa, ila macho yake yalilipita kwa sababu aliyekuwa akimtafuta humo ni Asifiwe. Akanakili kila kitu, akabadili bluu ikawa kijani, akaandika jina lake chini, akaweka na sehemu ya kuingizia namba. Akajaribu kwa namba yake mwenyewe. Shikamoo, Baba Loveness, na matokeo haya hapa. Akarudia kwa raha tu. Mtu mwingine wa kumjaribia hakumtafuta.

Siku ya kikao, Bi Bilkis aliwasha projekta, akamwomba Mzee Mudathir, babu anayemsomesha mjukuu wake pale, aanze na tovuti ya Eliaichi. Mzee akaingiza namba yake. Ukutani pakatokea: Shikamoo, Baba Loveness. Hisabati, 27.

"Loveness ndo nani?" mzee akauliza. "Mie mjukuu wangu ni Mashaka."

Mama mmoja akajaribu, naye akawa Baba Loveness. Hisabati, 27. Kicheko kikaanzia nyuma kikafika mbele. Aliyeinuka kuizima projekta alikuwa Asifiwe.

Alimfuata Eliaichi nje, kwenye varanda ya darasa. "Mwalimu, ulichonakili ni chakula kilichokwisha kupakuliwa kwenye sahani yako," akasema taratibu. "Jiko liko kwenye seva, ile kompyuta inayotunza tovuti. Mzazi akituma namba yake, seva inasoma maagizo yangu, inamtafuta mtoto wake kwenye hifadhidata, ndo inamwandikia ukurasa wake peke yake. Ukurasa unakufikia, ila maagizo hayatokagi kule. Ungeniuliza tu, ningekuonyesha."

Eliaichi akageuka, akaondoka. Lile neno "ungeniuliza" lilimchoma kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Pugu alikuwa akipanga maneno ya kumwambia bintiye: mfumo wa Asifiwe umeharibika, umeyaanika matokeo yako. Alimkuta Loveness barazani, macho mekundu. Wenzake walikwisha kumfikishia habari.

"Mwanangu," akaanza, "yule Asifiwe..."

"Najua, baba. Kapiga kwa simu ya mama. Kasema yeye ndo kakosea, hakuyaficha matokeo yangu. Kaniomba msamaha mpaka nikamwonea huruma."

Ulikuwa uongo uleule aliokuja nao mdomoni, na Asifiwe alikuwa amemtangulia kuusema, kwa ajili yake. Eliaichi akamwonea wivu hata kwa hilo. Akakaa kwenye ngazi.

"Hakukosea," akasema. "Mie ndo nilimwibia kazi yake, nikakuanika wewe."

Loveness akaingia ndani na kufunga mlango.