Alama za Chaki za Mzee Hugo

Chaki ikivunjika karibu na mimi, ile vumbi yake inanirudisha kwa hall ya kanisa mtaani kwetu Pioneer, na natoka nje haraka. Niliacha shule Form Two, kwa hivyo mtasema ni uoga wa hesabu. Sivyo. Ni Mzee Hugo.

Mzee Hugo alikuwa Mwingereza. Miaka mingi huko London alicheza jukwaani na kwa sinema, zingine akiziongoza mwenyewe. Alipozeeka akamfuata mke wake aliyekuwa anafundisha chuo cha Chepkoilel. Pasta alituonyesha kaseti yake moja: yeye ni mfalme, anadungwa kisu, anakufa kabisa. Kesho yake Mzee Hugo akaingia hall na mwavuli. Mimi nilikuwa chini ya benchi: maiti imerudi.

Mwaka ule wa uchaguzi alikuja kutuongoza drama ya Krismasi. Kila mtoto alichorewa alama ya chaki sakafuni: simama hapo, ngoja zamu yako. Mimi nilikuwa mwenye lojing, yule wa nyumba ya wageni anayemfukuza Maria. Maneno yangu yalikuwa haya tu: "Hapa kumejaa, endeleeni mbele." Na bado nilisahau kila siku. Nilitaka sana niyaseme sawa mara moja, mama akiwa amekaa mbele.

"Kamau, hata ng'ombe yetu ingekuwa imeshika," Chebet, Maria wetu, akaniambia.

"Ilete basi, mimi nipumzike."

Halafu watoto wawili, wale wachungaji wa kondoo, wakakosa kuja. Wiki iliyofuata, malaika wote. Kwa duka wakubwa walibadilisha hadithi tukiingia. Mama akaanza kutia nguo kwa magunia na hakutaja safari.

Mzee Hugo hakufuta alama hata moja. Alisimama kwa zile tupu yeye mwenyewe, mara mchungaji, mara malaika, kisha anakimbia mbele kujigombeza: "Hapana, malaika. Rudia." Tulicheka mpaka machozi. Nilidhani wenzetu wametoroka ukali wake.

Siku moja mchana baba ya Chebet akaingia. Hakusalimia mtu. Akamshika Chebet mkono, na akimpita mama yangu pale mlangoni akasema chini chini, "Mama Kamau, toa watoto. Vijana wetu wanapanga kufukuza kabila lenu. Usingoje kura."

Mzee Hugo, na ndevu zake, akaenda akasimama kwa alama ya Maria. Akaniangalia, akingoja maneno yangu. Mama akanivuta kabla sijafungua mdomo.

Lakini mama alitaka apige kura kwanza. Kwa hivyo matokeo yaliposomwa na nyumba zikaanza kuchomwa, tulitoka mbio, gunia moja badala ya nne, moshi nyuma yetu. Nakuru tulifika kwa geti ya kanisa fulani. Askari akamwangalia mama, akaangalia gunia.

"Hapa kumejaa, endeleeni mbele."

Mimi nikiwa nyuma ya mama, nikashtuka midomo yangu inasema pamoja na askari, bila kukosea.

Miaka imepita ndiyo nikaelewa yule mzee hakuwa anatuchekesha. Alikuwa anawawekea watu nafasi zao, asikubali kwamba hawarudi. Chebet sijawahi kumwona tena. Na yale maneno, niliyoyasahau kila siku, sasa yamekataa kutoka.