Bibi Aliyekataa Kutoka Kaburini

Siasa mimi sikuitafuta. Ilinifuata jikoni, ikakalia kigoda changu, ikaniachia vyombo vichafu. Watu wakiniuliza miaka ile ya hamsini ilikuwaje kwetu Iringa, wanataka niwasimulie mikutano na bendera. Mimi ninachokumbuka ni furushi langu la nguo, nilivyolifunga nikalificha nyuma ya mlango, na roho ilivyokuwa ikinidunda kila nilipofagia pale.

Nianze na hao wanaume wawili. Kaka yangu na mume wangu walisoma shule moja ya misheni, wakalala bweni moja, wakachapwa pamoja kwa kosa la kuongea Kihehe darasani. Kaka ndiye aliyemleta kwetu Mufindi akasema, "Huyu ana akili sana, ila kupika hajui, kufua hajui, mwoneeni huruma." Basi nikamwonea huruma, nikaolewa.

Wote wawili walikuwa makarani, na jioni walikuwa na kazi yao nyingine, gazeti. Usicheke. Lilikuwa karatasi chache zilizobanwa pini, zimechapwa kwa mashine ya misheni waliyoruhusiwa kuigusa ikiwa haina kazi. Humo mlikuwa na bei za mahindi, barabara iliyokatika, nani kafaulu mtihani, na katikati, kwa maneno ya kupita pembeni, manung'uniko ya watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku na chai. Watu waliligombania! Anayejua kusoma aliwasomea wenzake sokoni, na akifika kwenye yale manung'uniko walimwambia, "Hebu rudia hapo."

Kisha kaka akahamishiwa Mbeya. Huko akaingia chama cha kudai uhuru, na hakukaa sana akawa katibu wa tawi. Gazeti akamwachia mume wangu. Mambo yangeendelea vizuri tu, kama kila mmoja asingepata Mzungu wake.

Mzungu wa mume wangu alikuwa setla wa tumbaku, mtu mkubwa katika chama kile kilichotaka rangi zote zitawale pamoja, ila wao watangulie mbele. Alikuja kwetu Kihesa, pale Iringa mjini, na gari lake, akavua kofia, akamwamkia mama mkwe wangu kwa Kihehe, "Kamwene!" Mama mkwe akaitikia vizuri, kisha akanigeukia akaniuliza, "Huyu anataka nini?" Kabla ya mwezi kwisha ikaletwa mashine mpya ya kurudufia na karatasi nyeupe pee. Bure kabisa. Yule bwana hakuomba kitu, wala sikumsikia hata siku moja akisema usiandike hili. Alimpaka tu mume wangu mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe ni mtu wa busara, wewe si kama wale wapiga kelele. Na habari za mashamba ya tumbaku zikaanza kukosa nafasi. Toleo hili hakuna nafasi, toleo lile hakuna nafasi. Maonyesho ya ng'ombe wa masetla, hayo yakapata nafasi ukurasa mzima.

Mzungu wa kaka alitoka ng'ambo kabisa, kwenye chama fulani cha huko kwao kilichosema kinawapenda Waafrika. Alikaa Mbeya siku chache, akampa kaka kipaza sauti na taipureta, akaondoka akimwahidi kumpeleka kwao kusomea uongozi. Kaka akavimba kichwa. Mwenyekiti wake, mzee wa watu aliyeanza chama wakati kaka bado anakiogopa, akawa hasikilizwi tena. Neno la kwanza asubuhi, "Rafiki yangu wa ng'ambo anasema." Tawi likagawanyika, hawa wa mwenyekiti, hawa wa katibu, na mikutano ikageuka ya kuzomeana.

Mume wangu akaandika gazetini kwamba yuko katibu mmoja Mbeya anayeota ndege huku wanachama wake hawana viatu. Kaka naye akapanda jukwaani na kipaza sauti chake. "Ndugu zangu, lipo gazeti huko Iringa, ukilifungua tu linanuka tumbaku!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na maneno hayo yakatufikia kwa malori kabla vumbi la mkutano halijatulia. Toleo lililofuata mume wangu akamwita kibaraka. Mkutano uliofuata kaka akamwita kibaraka mara mbili. Hivyo ndivyo wasomi wetu walivyokuwa wakipigania nchi. Ebo! Watu waliokula sahani moja!

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimetoka tu kujifungua mtoto wangu wa kwanza, binti. Hakuna aliyeniuliza.

Siku moja dereva wa lori alisimama mlangoni kwetu akasema, "Kaka yako anakusalimu. Anasema ujiandae, akija safari hii anakuchukua. Hawezi kuacha dada yake alishwe na tumbaku." Nilijua maana yake. Wazazi wetu walishafariki, kaka ndiye alikuwa baba yangu, na akinichukua ndoa imekwisha. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Ningeondoka naye akinyonya, akishaacha ziwa wangekuja kumchukua. Nilimwambia mume wangu. Alikuwa anasahihisha stensili, akasema bila kuinua macho, "Mwache aje, tuone." Tuone nini, jamani? Nilitaka kumtwanga na mwiko.

Aliyenisikia alikuwa mama mkwe. Alinikalisha karibu na moto, akampokea mtoto, akasema, "Mwanangu, huendi popote mimi nikiwa hai." Nikalala usingizi mzito, wa kwanza baada ya siku nyingi.

Masika ile ile akafariki. Aliugua kifua muda mfupi tu, basi. Nililia nikagaragara, na katika kulia kwangu kulikuwa na kilio cha mama yule na kilio changu mwenyewe, sikuweza kuvitenganisha. Aliyesema siendi popote ameondoka yeye. Nikaenda chumbani nikafunga nguo zangu na za mtoto kwenye kanga, nikaweka furushi nyuma ya mlango. Nilijua kaka atakuja msibani. Hata mtu awe na kiburi cha namna gani, hawezi kukosa msiba wa mkwe wa dada yake.

Akaja kweli, kesho yake asubuhi, juu ya lori la mbao, tope mpaka kwenye nyusi. Aliwapa mkono wanaume wote waliokaa mbele ya nyumba isipokuwa mmoja. Mume wangu naye akatazama pembeni kana kwamba mlima umeota pembe. Wasaidizi wa kila upande walikuwepo, maana watu wa gazeti na watu wa chama wote walikuja, wakakaa mafungu mawili. Msiba mmoja, mafungu mawili! Niliona aibu kwa niaba ya marehemu.

Sasa jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kingoni. Kama unavyojua, sisi Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Bibi huyu na mama mkwe walitukanana kila asubuhi ya Mungu. Mama mkwe huanza, "Umeamka, mla panya?" "Nimeamka, mla mbwa, nipe moto." Kisha wanakaa kizingitini wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kibuyu kimoja. Mama mkwe alipougua, bibi ndiye aliyekuwa akimlisha uji na kumtukana kwamba hajui hata kumeza.

Jeneza lilipofika kaburini, nyuma ya nyumba chini ya mikaratusi, katekista alifungua kitabu. Bibi akapita katikati ya watu, akakunja kaniki yake, akashuka shimoni, akalala chali. Haikumshangaza mtu, ndiyo haki ya mtani. Hazikwi mtu mpaka mtani atolewe, na hutolewa kwa chochote kidogo. Mume wangu akatoa sarafu akazirusha. Kaka, asionekane mchoyo, naye akarusha zake. Sarafu zote zikarudi juu, moja ikampata katekista.

"Sizitaki!" sauti ikatoka shimoni. "Zako zinanuka tumbaku. Na zako wewe wa Mbeya zimetoka ng'ambo, hata sijui zimeshikwa na nani."

Watu wakaanza kuguna, wengine wakicheka kwenye viganja.

"Huyu marehemu," bibi akasema, "alinitukana miaka yote kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuazima mdomo wa mtu. Ndiyo maana nimelia tangu jana mpaka macho yameniuma. Nyinyi mnatukanana kwa midomo ya Wazungu, na Wazungu wenyewe siwaoni hapa. Wako wapi? Nani kati yao amekuja kumzika mama yenu? Matusi ya kuazima! Tukaneni kwa midomo yenu nisikie, la sivyo nalala humu, na huyo mwenzangu mla mbwa mtamweka sebuleni."

Manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya jeneza. Katekista alifumba kitabu asilowe. Nilimtazama mume wangu, nikaona kidevu chake kinacheza.

"Shemeji," akasema. "Wewe... mtoto ana miezi sasa. Hujaja kumwona hata siku moja."

"Hilo ni tusi?" bibi akauliza kutoka shimoni. "Mh. Haya. Na wewe?"

Kaka alikuwa akichezea kofia yake. "Ulinicheka," akasema. "Ulinicheka mbele ya watu wote kuhusu ile safari. Wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kuniambia shuleni kwamba iko siku nitafika mbali. Angecheka mwingine, sawa. Wewe!"

Loo! Wanaume wazima. Mwaka mzima wa wino na vipaza sauti, kumbe ni hayo tu.

"Sasa nitoeni," bibi akasema. "Mkono mmoja huyu, mmoja yule. Na mimi ni mzito, nimekula panya."

Hapo watu walicheka waziwazi, hata wale waliokuwa wakilia. Wakainama, mmoja huku mmoja kule, wakamshika mikono. Ukingo ulikuwa umelowa. Bibi alipokwisha kutoka, udongo ukamong'onyoka chini ya mguu wa mume wangu, akateleza kuelekea shimoni, kaka akamdaka kwa ukosi wa koti. Akamvuta mpaka wakaanguka wote wawili matopeni. Na hapo mume wangu, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu mama yake afe, akalia kwa sauti kama mtoto. Kaka hakumwachia. Alimkumbatia vivyo hivyo na matope yao, akisema, "Basi, shemeji. Basi, ndugu yangu." Tulizika mafungu yakiwa yamechanganyika.

Usidhani waligeuka malaika. Siku za matanga walikaa nje wakizungumza, na kila baada ya muda sauti zilipanda, mara tumbaku, mara ng'ambo, mara mwenyekiti. Bibi alikuwa jikoni nami akichambua maharage. Sauti zikipanda sana alitoa kichwa dirishani, "Nirudi shimoni?" Zikashuka. Siku ya tatu wakaibeba ile mashine mpya, mmoja huku mmoja kule, wakaipakia kwenye lori linalopeleka mbolea kwenye mashamba, irudi kwa mwenyewe. Karatasi hawakurudisha. Kaka alisema karatasi hazina kosa.

Mimi nilikuwa bado na roho juu juu. Kupatana kwao ni kwao, lakini neno la dereva lilikuwa halijafutwa na mtu. Sikuthubutu kuuliza. Asubuhi ya kaka kuondoka nilimnyonyesha mtoto mapema, nikamvika kofia, nikavaa kanga ya safari, nikakaa kitandani nikisubiri kuitwa.

Kaka akaja mlangoni kuaga. Akamchukua mtoto, akamtazama muda mrefu, akasema ana masikio ya ukoo wetu, bahati mbaya. Kisha akaliona furushi.

"La nani hili?"

"Langu," nikasema. "Ulisema unakuja kunichukua."

"Mimi?"

"Wewe! Ulimtuma dereva!"

Alikunja uso akifikiri, na naapa haki ya Mungu, ilimchukua muda kukumbuka. Neno lililoninyima usingizi majuma na majuma, kwake lilikuwa limetoka tu mdomoni pamoja na mengine. Nilitaka kumrarua. Nadhani aliona usoni mwangu nilivyokuwa, kwa sababu hakucheka. Alinirudishia mtoto, akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya safari, akaanza kufungua fundo. Nilikuwa nimelikaza, likamsumbua, akatumia meno. Akatoa nguo moja moja, zangu na za mtoto, akazitundika zote kwenye kamba zilipokuwa, na kwa kuwa hakujua ipi inakaa wapi, alizitundika ovyo.

Lori lilipiga honi nje. Nilimwambia dereva asubiri, nikaenda kumsongea kaka yangu ugali.