Mwizi Aliyemjulia Hali Dada

Juzi nilikuwa Lumbadzi, kwenye kibanda cha fundi simu, alipoingia mama mmoja mshonaji kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Alikuwa amebonyeza kiungo kilichoahidi habari za safari ya Kanada, akaandika namba ya siri aliyotumiwa, na sasa akaunti yake ya kuchati ilikuwa mikononi mwa mwizi.

Fundi, Mkongomani mwenzake, alimtuliza kwa Kiswahili cha kwao. "Mama, tutairudisha. Lakini kwanza pigia bantu bako bote, baambie basijibu kitu. Mwizi njo anaandika kwa jina yako."

"Bantu bangu?" Mama akatazama chini. "Iko dada tu, kule Bukavu."

Fundi akampa simu yake mwenyewe. Sauti ya dada ilisikika mpaka nilipoketi.

"Dada, usimujibu tena ule muntu," mama akamwambia. "Haiko mi."

"Jana aliniuliza kama nililala muzuri," dada akasema. "Nilifurahi. Nikasema, leo amenikumbuka."

Mama akajifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Kisha akauliza polepole, "Na leo, ulilala muzuri?"

Tunaonywa kila siku kuhusu wezi wa mitandaoni, na ni haki. Ila huyu alijua jambo ambalo sisi wenye ndugu mbali tumelisahau: salamu peke yake inatosha kumfanya mtu akufungulie mlango.

Fundi alimaliza kazi, akaweka namba mpya ya siri, akamnyooshea mama simu aliyoileta. Mama hakuiona. Bado alikuwa akiongea kwenye simu ya fundi, na fundi akaacha uniti zake za kupigia ziishe.