Karani Aliyempima Paka Kila Jumamosi

Mume wangu Sadoki alikuwa karani wa mizani ya kahawa kijijini kwetu Mbozi, na kabla hamjaniuliza, ndiyo, ni yule yule aliyekuwa akimpima paka. Kila Jumamosi. Anamtia kwenye kikapu, anatundika kikapu kwenye ndoano ya mizani, anasoma, halafu anaandika kwa mkaa ukutani mwa ghala: kilo nne na nusu. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, yeye hana habari nao.

Paka mwenyewe tulimwita Kwinini, kwa uchungu wa tabia yake. Kazi yake ilikuwa kulinda ghala, maana mbegu ya mahindi ya kijiji kizima ilikaa humo, na panya wa Mbozi hawana adabu. Sadoki alimpa dagaa kwa kiasi na maji safi kila asubuhi. Alimpapasa mbavu, akamchungulia masikio, akamchana viroboto. Hata mavi yake aliyakagua, mtu mzima na miwani yake. Mimi niliyemzalia watoto sita sikumbuki kuulizwa kama nimekula. Nilimwonea paka wivu, nasema kweli tupu.

Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa kumi, mkaa ukaandika kilo nne. Nikasema ni joto. Jumamosi iliyofuata, tatu na nusu.

"Mama Anyosisye," Sadoki akaniambia, "huyu anaumwa."

"Anaumwa na jana kakamata panya wawili?"

"Mtazame anavyokula."

Nikamtazama. Anaukimbilia mlo kama kawaida, anawadaka dagaa, halafu anainamisha kichwa, anatafuna upande mmoja tu, mate yanamchuruzika, dagaa wanamponyoka. Manyoya ya mgongoni yamesimama, hajajilamba siku nyingi.

Wiki haikuisha, Kwinini akaacha kuwinda. Panya wakatoboa gunia la mbegu, na mvua zilikuwa karibu. Mwenyekiti wetu, Ndugu Jonasi, akaitisha mkutano.

"Asiyefanya kazi na asile," akasema. "Huyu paka ni kupe. Alhamisi anapanda lori, anashushwa Tunduma. Nimeshaahidiwa dume la kazi."

Nilicheka na wenzangu mpaka nikauona uso wa Sadoki. Paka mgonjwa akishushwa pale mpakani, kwenye malori na mbwa wasio na mwenyewe, hamalizi siku mbili. Sadoki hajawahi kusema neno mkutanoni. Siku hiyo alisimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mvivu hakondi. Mvivu ananenepa."

Mkutano mzima ukalitazama tumbo la Mwenyekiti. Sadoki wala hakuelewa kicheko kimetoka wapi. Akatuongoza hadi ghalani, akatuonyesha ukuta: Kwinini alianza kupungua wiki mbili kabla panya hawajagusa gunia. Mwenyekiti akajikuna kidevu. Akasema bwana mifugo anakuja joshoni Jumatano kuogesha ng'ombe. Akiona ugonjwa, paka abaki. Asipouona, lori.

Jumatano Sadoki akapanga foleni na kikapu chake katikati ya ng'ombe. Bwana mifugo mwenyewe, Bwana Hamis, mtu wa Tanga, alicheka mpaka akaegemea uzio. "Karani, nimtumbukize na huyu?"

Nilikuwa nimekwenda kuchekelea. Lakini mdomo wangu una mambo yake. "Bwana mifugo," nikamwambia, "wenye ng'ombe hawa wamewaleta bila kujua wana kilo ngapi. Huyu kaandikwa ukutani. Mfungue kinywa kwanza, kicheko baadaye."

Wakamviringisha kwenye gunia, kichwa nje. Kinywa kilinuka. Gego limeoza, fizi imevimba, nyekundu. Bwana Hamis akachukua koleo, akamwamuru Mwenyekiti, aliyekuja kushuhudia, ashike miguu. Jino likatoka, mguu mmoja ukachomoka guniani, na shati la Mwenyekiti likapata matundu manne.

"Unaona?" nikamwambia. "Ameanza kazi."

Nilimpondea dagaa laini kwa mchuzi kwa mikono yangu mwenyewe, msiniulize kwa nini. Wiki ya pili alimlaza panya mnene juu ya meza ya Mwenyekiti, na dume la kazi hatukulisikia tena. Jumamosi hiyo mkaa ukaandika kilo nne. Nikapiga kigelegele mle ghalani.

Sadoki akamshusha Kwinini, akachukua gunia tupu, akalifungua mdomo.

"Ingia," akasema.

"Nani?"

"Wewe. Tangu mwezi wa sita gauni lako linakupwaya. Nilitaka kukuuliza, nikauogopa ulimi wako."

Nikaingia, magoti yamegusa kidevu, nikaning'inia kama madebe mawili ya kahawa huku nikicheka na machozi yananitoka. Chini ya jina la Kwinini akaandika langu: Roda, hamsini na moja.

"Jumamosi ijayo tena," akasema, akanishusha polepole.