Mshenga wa Gari la Milango Miwili

Nimekuwa mshenga mara nne maishani. Mara tatu nilipeleka barua za posa kwa wazazi wa mabinti, na ndoa zote tatu bado zimesimama, moja kwa magongo. Mara ya nne nilimposea shemeji yangu gari. Kila nikiikumbuka hiyo natamani kusukutua mdomo.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu, seremala wa Keko. Alikuja kutoka kusini na patasi za baba yake, aliyekuwa mchongaji, akaanza kwa kupiga msasa vitanda vya watu kando ya barabara. Leo ana karakana tatu, na ukikaa kwenye kiti kizito cha mninga katika hoteli za Kunduchi, huenda umekalia kazi yake. Katika karakana ya kwanza, ukutani juu ya benchi, kuna picha ya gari jekundu la milango miwili aliyoikata kwenye kalenda enzi hizo za msasa. Vumbi la mbao limeshaligeuza kuwa la kahawia. Baada ya kusomesha watoto na kumjengea mama yake, alichobakiza kukitaka duniani ni gari lile. Pesa alikuwa nayo. Mie na usomi wangu nilidhani dukani hilo linatosha.

Siku ya kwenda kwenye duka la magari hayo nilimlazimisha avae suti na asugue kucha zitoke gundi. Tulipokelewa na meneja, mwanamama mwenye sauti ya mhudumu wa ndege. Alitupa kahawa kwenye vikombe vya ukubwa wa kifuniko cha chupa, akatueleza kwamba magari yale hayauzwi hivi hivi, yana mgao. Mgao ninaoujua mimi ni wa maji na umeme, na wanaoutangaza huwa angalau wanaomba radhi. Huyu alilitamka neno kama anayetaja baraka. Mwaka huu, alisema, tumepewa gari moja.

"Sasa anapata nani?" shemeji akauliza. "Aliyewahi?"

"Aliyewahi yupo kwenye orodha, mzee wangu. Ila orodha hatuifuati kwa namba. Tunaangalia uhusiano."

"Uhusiano upi? Mie hata kwenu sikujui."

Meneja akacheka, akatupeleka uani. Uhusiano maana yake ilikuwa kununua kwanza magari ambayo wengine hawakuyataka. Yalikuwepo matatu, makubwa, ya rangi ya uji wa ulezi, yamekaa mpaka matairi yameanza kulala. Shemeji akanunua mawili. Nilimfariji kwamba hicho ndicho kishika uchumba, nikajiona mjanja sana kwa mfano huo.

Kisha wakaja watu wao wawili nyumbani kwake Madale na futi ya kupimia. Walipima mteremko wa getini, maana gari lile tumbo lake liko chini. Wakauliza litalala wapi, litaendeshwa na nani, na kama yuko tayari kusaini kwamba hataliuza bila kuwarudia wao. Wakaomba kuona kurasa zake za mtandaoni, wakakuta picha za vitanda tu, wakatazamana. Mimi nimeposa kwa wazee wakali, lakini hakuna aliyewahi kunipimia geti. Wiki ile ile shemeji akamwaga zege kulainisha mteremko.

Ikabaki barua ya kumtambulisha mwombaji, na hapo ndipo nilipoitwa mimi. Meneja alikuwa ananiita Daktari. Udaktari wangu uliishia sura ya pili ya tasnifu, lakini sikumsahihisha. Kahawa ilikuwa nzuri. Nikaandika kwamba mwombaji ni "mwekezaji mkongwe katika sekta ya samani". Keko sikuitaja. Randa, patasi, msasa, vyote nikavifagia nje. Shemeji aliisoma mara mbili.

"Huyu mtu ni nani?" akauliza. Nikadhani anatania.

Gari tuliliona kwenye simu. Lilikuwa limepewa jamaa mmoja maarufu mtandaoni ambaye hata hayo ya rangi ya uji hakununua. Amepigwa picha kifua wazi, kalikalia boneti. Shemeji akaikuza ile picha kwa vidole viwili.

"Suruali ina zipu nyuma," alisema. "Atalikwaruza."

Nikaenda dukani nimejaa hotuba. Meneja hakuisubiri.

"Daktari, sikufichi. Tulitaka mtu mwenye simulizi. Wawekezaji orodhani wamejaa tele. Juzi nimeenda Keko kutafuta meza, namkuta mzee kainama kwenye benchi, maranda mpaka kwenye nywele! Kumbe ni fundi kabisa! Mbona hukuandika? Tungempiga picha na randa mkononi, watu wangelia." Akainama sikioni. "Mwakani linakuja jingine. Andika upya. Na lile moja la uani bado lipo, akilichukua itasaidia."

Nikamalizia kahawa kwanza. Halafu nikaenda nyumbani nikaandika.

Niliandika vizuri, Mungu anisamehe. Nikaweka patasi za marehemu baba yake, vitanda vya barabarani, picha iliyogeuka kahawia. Nikaipeleka Keko. Nje ya karakana, moja ya yale magari ya rangi ya uji lilikuwa limeng'olewa viti vya nyuma, limepakiwa mbao za kichwani za vitanda. Shemeji akajifuta mikono, akasoma.

"Hii nzuri. Sasa huyu namjua."

"Basi niipeleke?"

"Shemeji, ile ya kwanza ulikuwa unanionea haya, siyo?"

"Haya? Hapana. Ulikuwa mkakati."

"Nyie!" akawaita mafundi wake. "Njooni mumwone msomi, anasema mkakati!" Wakacheka mpaka msumeno ukazimwa. Yeye akaacha kucheka kabla yao. "Ya kwanza ulinificha. Na hii ya pili unanipeleka mnadani. Mshenga akikataliwa, shemeji, harudi mlango ule ule na bwana harusi mwingine."

Akaikunja barua, akaiweka kwenye droo ya vipimo. Wataisoma wanangu, alisema. Picha ya kalenda hakuigusa.

Simu yangu ikaita. Alikuwa meneja, na shemeji aliliona jina kwenye kioo.

"Pokea, Daktari," akasema, akashika randa.

Nikapokea. Nikamwambia mzee hataki tena, wala asiwekwe orodhani. Akasikitika, akaniita Daktari mara tatu, akaniambia nipite siku yoyote kwa kahawa. Kuhusu huo udaktari sikusema kitu.