Siku Bibi Alipomsuka Rafiki Yake

Kila ninapopita mahali wanapopasha mawese, harufu ile hunirudisha uani kwa bibi yangu, Ujiji.

Siku moja nikiwa mtoto, rafiki yake, mama aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa bado msichana, alikuwa amekaa mkekani katikati ya magoti ya bibi, anasukwa. Jioni hiyo lori lingemchukua yeye na mumewe kuwapeleka kijiji kipya cha ujamaa, mbali na ziwa. Vyombo vyao vilikwisha fungwa.

Bibi alimpaka mawese utosini, akagawa nywele, akasuka mstari mpaka kisogoni. Kisha akaufumua.

"Umepinda," alisema.

"Shoga, kichwa kimechoka."

"Kiache kichoke. Utafika kwa watu na kichwa kama njia za panya?"

Wakacheka kidogo. Jua liliutoka mkeka likapanda ukutani. Bibi alisuka, akafumua, akasuka tena. Nilikuwa nimelala kando yao, na mistari yote niliyoiona ilikuwa imenyooka.

Honi ikalia barabarani. Mume wa yule mama akachungulia mlangoni. "Mama, twende. Wenzetu wamekwisha panda."

Bibi akafunga ncha ya mstari wa mwisho, akaiachia mikono yake ianguke mapajani.

"Haya," alisema. "Nimemaliza."

Rafiki yake hakuinuka. Alipapasa kichwa chake polepole, kutoka kwenye paji la uso mpaka shingoni.

"Huu wa nyuma hujaukaza, shoga," alisema. "Fumua."